Eriali ya Mianzi

Cheptanui hakuwa mtu wa maneno mengi. Pale nyumba ya kufulia ya hospitali, Nakuru, wenzake walitaniana na kucheka juu ya mabeseni kutwa nzima, yeye akikamua shuka zake huku macho yako kwingine. Lakini akisema jambo, wote walijua shauri limeshakatwa. Kwa hiyo siku aliyosema kwamba babake atachomwa sindano zote sitini, mwaka ule wa sabini na tatu, hakuna aliyembishia. Aliyembishia ni babake mwenyewe.

Babake, Mzee Micah, alikuwa mtu wa Olenguruone, huko juu kwenye baridi ya Mau. Miaka yake ya nguvu yote ilikwisha kwenye mashine za kupasua mbao, na ule msumeno mkubwa ulimla masikio kidogo kidogo mpaka ukayamaliza. Alizungumza kwa sauti ya mtu anayeshindana na mashine, hata kama mko wawili tu na mmekaa goti kwa goti. Mwaka uliotangulia alianza kukohoa damu. Binti akamleta mjini, akachomwa sindano kumi na nne, akajisikia nafuu, akapanda lori la viazi akarudi kwake bila kuaga. Kikohozi nacho hakikukaa nyuma. Alipoletwa mara ya pili alikuwa amekauka hata Cheptanui akamshusha kwenye lori peke yake, kama mtu anayeteremsha kikapu.

Daktari alimwita binti kando. "Safari hii akikatiza, dawa haitamsaidia tena. Sindano sitini, kila asubuhi, bila kuruka hata moja. Baada ya hapo ni vidonge, atakuwa anakuja kuvichukua kila mwezi kwa mwaka mzima. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na yeye?"

"Ataelewa," Cheptanui alisema.

Vitanda vya wodini vilijaa, kwa hiyo mgonjwa mwenye mtu wa karibu alichomwa sindano asubuhi akarudi kulala nyumbani. Nyumbani ni chumba kimoja alichopanga Cheptanui kwenye ploti ya Bwana Shantilal, vyumba vinane vimezunguka kiwanja, bomba moja la maji katikati. Na hapo palikuwa na aibu yake. Kwao, baba halali chumba cha binti yake, hata binti awe mtu mzima aliyeachwa na mume. Cheptanui hakungoja mzee aseme. Alimpisha chumba chote, yeye akachukua mkeka akahamia kwa jirani yake Eucabeth, mwanamke wa Kisii aliyeuza mboga sokoni na asiyejua kunyamaza hata usingizini.

"Karibu," Eucabeth alimwambia. "Ila mimi naongea nikilala. Ukisikia nimetaja bei ya sukuma, usiniitikie, nitakuuzia."

Kwa hiyo mzee alipata heshima yake, lakini akapata na upweke. Asubuhi sindano. Kisha binti anaenda kazini, majirani wanaenda kazini, na mzee anabaki kwenye kiti mlangoni, hasikii ndege wala mtoto, anatazama bomba likidondoka. Siku ya sindano ya kumi na tisa, Jumanne, Cheptanui alirudi akakuta kiti kitupu. Hakupiga kelele. Alivua aproni ya kazi, akaenda moja kwa moja mpaka pale malori ya Olenguruone yanapopakia, akamkuta mzee amekaa juu ya gunia tupu, blanketi begani, fimbo mkononi.

"Hata usiniangalie hivyo," mzee alinguruma, na watu wote pale wakageuka. "Hapa kwenu nakaa kama gunia. Nyumbani nina ng'ombe wa kutazama. Hapa nitazame nini, bomba?"

Cheptanui alichuchumaa mbele yake ili aone midomo. "Ukipata cha kutazama, utakaa?"

"Cha kutazama gani?"

"Kile kisanduku changu."

Mzee alikijua. Kilikuwa televisheni ya miguu minne. Cheptanui alikuwa yaya miaka minane kwenye shamba la Wazungu upande wa Rongai, na mama wa nyumba ile alipofunga virago kurudi kwao alimwachia televisheni na mbwa. Mbwa alikufa. Televisheni ilikaa miaka mitatu chini ya kitambaa cha maua, imebeba sufuria na taa ya mafuta ya siku umeme ukikatika, maana haikuwa na eriali ya kunasia picha.

"Ile meza?" mzee aliuliza.

"Si meza. Ndani yake watu wanatembea. Haitaki masikio, inataka macho."

Mzee alitazama lori, akatazama binti yake. "Nakupa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Nikiona mtu anatembea humo, nakaa. Nisipoona, Jumapili alfajiri napanda lori, na usinifuate."

"Sawa," Cheptanui alisema, akachukua blanketi lake akalibeba.

Kesho yake alimleta Balbir, fundi wa redio, Kalasinga wa kilemba mwenye duka dogo karibu na stesheni. Balbir alikuja na pikipiki, eriali kuukuu begani, aliyoing'oa kwenye nyumba iliyouzwa. Alifungua mgongo wa televisheni, akapuliza vumbi, akabadilisha taa moja ya ndani, akaiwasha. Ikanguruma, ikatoa mwanga, na kioo kikajaa weupe unaochemka kama mchele kwenye maji.

"Mashine iko mzima," Balbir alisema. "Sasa eriali iende juu ya paa, pale kileleni. Ya chini hapana pata kitu."

Lakini Bwana Shantilal, mwenye ploti, alikuwa ameshafika mlangoni, penseli juu ya sikio kama kawaida yake. Alikuwa mwembamba, msafi, na hakuwahi kupaza sauti.

"Mama Cheptanui, mimi nasema mara moja. Bati yangu hapana toboa. Ile mpangaji ya zamani napiga msumari kwa waya ya redio. Mvua nakuja, gunia sita ya simiti nakuwa mawe. Bati yangu hapana gusa, ukuta yangu hapana gusa."

"Na kiwanja?" Cheptanui aliuliza.

"Kiwanja nini?"

"Kitu kikisimama kiwanjani peke yake."

Shantilal alifikiri. "Kama nasimama peke yake, bila kugusa nyumba, sawa. Mimi siko mtu mbaya."

"Peke yake."

"Peke yake."

"Bila kugusa."

"Bila kugusa," Shantilal alirudia, akaondoka akihisi amekubali kitu asichokijua. Huo ulikuwa mtindo wa Cheptanui, kumfanya mtu ayaseme maneno yake mara mbili, ili siku ya kuyahitaji yawe hayajapoa.

Balbir alicheka. "Mama, nguzo ya kusimama peke yake, juu kuliko paa? Labda ya chuma, na zege. Hapana weza."

Mzee Micah alikuwa amewatazama midomo yote mitatu, akaelewa nusu. "Anasema nini huyu Kalasinga?"

Cheptanui alinyoosha mkono juu, kisha akatikisa kichwa.

"Nguzo?" Mzee aliinuka kwenye kiti kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nguzo ni kitu cha kuulizana? Mwanzi."

Jioni ile ile ujumbe ulipanda na dereva wa lori la viazi, na Ijumaa mianzi minne ilishuka Nakuru imefungwa juu ya magunia, mirefu hata matawi ya barabarani yaliinyoa. Mzee aliipokea mwenyewe. Aliigonga mmoja mmoja kwa fimbo huku ameegemeza taya kwenye mwanzi, maana kile ambacho masikio yalikataa, mfupa wa taya ulikuwa bado unakipokea. Wa kwanza akautupa. "Huu bado una maji." Wa pili, wa tatu na wa nne akaikubali.

Cheptanui alifikiri kuhusu misumari. Mzee alimcheka kwa sauti iliyofika barabarani. "Mwanzi ukipigwa msumari unapasuka. Niletee ngozi mbichi."

Akaenda buchani akaleta ngozi ya ng'ombe, mbichi, bado na harufu. Mzee aliikata ukanda mmoja mrefu kwa kuzunguka duara, akaulowesha kwenye karai usiku kucha. Jumamosi akaingiza shina la mwanzi mmoja kwenye tundu la mwingine, akazungushia ukanda ule akivuta kwa meno na goti. Akafunga na eriali kileleni hivyo hivyo. Jua la Nakuru likakausha ngozi siku mbili, ikajikaza ikawa ngumu kama chuma. Jumapili jioni waliusimamisha mwanzi ndani ya pipa, wakalijaza mawe, na kamba tatu za katani zikashuka mpaka kwenye vigingi ardhini. Hakuna iliyogusa nyumba.

Eucabeth alitoka na nguo zake mbichi akasimama. "Mama, na kamba yangu ya kuanikia ilikuwa hapo. Sasa nikitaka kuanika, nimpandishe nani huko juu na rinda langu?"

"Nitakuwekea kamba nyingine," Cheptanui alisema.

"Hapana, acha. Rinda langu likipeperuka huko, wateja wataniona wakiwa bado njiani."

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu jioni, matangazo yalipofunguliwa, chumba kilijaa. Mchele ulichemka, ukatulia, na mtu akatokea. Kweli, mtu, na shingo yake na tai yake. Wapangaji walisukumana. Mzee Micah, aliyepewa kiti cha mbele, aliinamia kioo. Yule mtu akaondoka, na badala yake wakaja Wazungu wawili wa nchi ya mbali, wenye mikono minene, kila mmoja na gogo lake na msumeno wake, wanashindana kukata. Mmoja fulana nyeupe, mwingine fulana ya mistari.

Mzee alisimama. "Huyu wa mistari anausukuma," alinguruma. "Msumeno hausukumwi. Msumeno unavutwa. Tazama mwenzake, tazama mgongo wake. Huyo amefundishwa."

Chumba kizima kilianza kutazama migongo. Magogo yalibaki kama upana wa vidole viwili. Fulana nyeupe alikuwa mbele kidogo, fulana ya mistari amelowa jasho. Na hapo hapo mchele ukarudi.

Waligonga kisanduku. Wakazima, wakawasha. Mchele.

"Nani amemaliza?" mzee aliuliza.

"Sijui, Baba."

"Vidole viwili vilikuwa vimebaki."

"Niliona."

"Hii siyo kuona," mzee alisema, akakaa chini taratibu. "Hii ni kupewa ugali na kunyang'anywa mkono ukiwa njiani. Uliniambia watu wanatembea. Hawa hawajamaliza kazi yao."

Jumanne ikawa hivyo hivyo. Picha ikaja vizuri, na ilipofika kama saa kumi na mbili ikakatika. Balbir alikuja akabadilisha taa nyingine, akasema labda mashine inapata joto. Jumatano mashine ilipozwa kwa kitambaa cha maji mgongoni, na bado saa kumi na mbili ikaja na mchele wake. Cheptanui akawa anauzungusha mwanzi ndani ya pipa, na wapangaji wote wakawa mafundi.

"Hapo, hapo, umepita."

"Rudisha kidogo. Siyo huko, kule kwa Nairobi."

"Nairobi iko nyuma yako, wewe unaelekea Kisumu."

Cheptanui aliacha kuzungusha. Alishaona kwamba midomo yote ile haitamsaidia, kwa kuwa kila mmoja alisema chake. Alimwendea mzee, akamwonyesha: ukiona mtu, mkono juu. Ukiona mchele, mkono chini. Mzee alielewa mara moja, maana huko mashineni ndivyo walivyokuwa wakizungumza, watu wote wakiwa viziwi kwa kelele ya msumeno. Akakaa akitazama kioo, mkono wake ukionekana vizuri dirishani, na Cheptanui akabaki nje kwenye pipa, akiutazama mkono.

Alhamisi, malori matatu ya mahindi yalifika kutoka Rongai, yakachelewa kushusha. Mahindi yaliingia kwenye godauni ng'ambo ya njia, godauni kubwa la mabati matupu, nalo la Shantilal. Jioni hiyo mkono wa mzee ulipanda saa kumi na moja na nusu, na saa kumi na mbili ilipopita ulikuwa bado juu. Robo ikapita. Wapangaji wakaanza kumpongeza Cheptanui kwa jinsi alivyozungusha mwanzi. Yeye hakuwa ameuzungusha. Alikuwa ameushika tu, na hajui kwa nini mambo ni mazuri, na hilo lilimsumbua kuliko ubaya.

Saa moja kasorobo lori la mwisho liliondoka. Mlinzi wa godauni akashika jani la mlango wa chuma, lile la kona, lililokuwa limefunguka likachomoza hadi njiani, akalisukuma. Likalia kwenye bawaba, likafunga. Mkono wa mzee ukaanguka.

Cheptanui aliuacha mwanzi. Akavuka njia.

"Mlinzi, tafadhali fungua tena."

"Nifungue nini na nimeshafunga?"

"Jani hili moja tu. Nusu."

"Umepoteza kitu ndani?"

"Ndiyo," alisema, maana hilo lilikuwa fupi kuliko kueleza.

Mlango ukafunguka nusu. Cheptanui akageuka kutazama dirisha lake kupitia lango la ploti. Mkono ukapanda. Akamwomba afunge. Mkono ukashuka. Mara tatu hivyo, mpaka mlinzi akasema, "Mama, kama ni uchawi, mimi nina watoto."

Ijumaa Balbir aliposikia, alikaa juu ya pikipiki yake muda mrefu akitazama godauni. "Kweli," alisema mwisho. "Picha nakuja kutoka upande ile. Godauni yote chuma, nazuia. Lakini mlango ikichomoza pale kona, picha nagonga mlango, naruka, naingia kwako. Kama kioo ya mtoto na jua." Akamtazama Cheptanui. "Miaka kumi na mbili mimi fundi. Wewe umejua aje?"

"Nilitazama mkono wa Baba."

Bwana Shantilal alikuja mwenyewe kuona mlango wake ukileta picha. Aliona. Akacheka kidogo, akaacha. "Lakini hapana, mama. Mahindi ya watu iko ndani. Panya, mvua, mwizi. Mlango nafunga saa kumi na mbili, na Jumamosi nafunga saa sita mchana. Hapana niulize tena."

Cheptanui hakumuuliza tena. Aliuliza kingine. "Yale mabati ya zamani nyuma ya godauni, yana kazi?"

"Ile ya kutu? Chukua."

"Nikisimamisha moja kiwanjani?"

Shantilal akamtazama, akaanza kutabasamu bila kutaka. "Peke yake," alisema. "Bila kugusa."

Jumamosi mzee alichomwa sindano ya thelathini. Aliporudi akakunja blanketi lake, akalifunga kwa kamba, akaegemeza fimbo mlangoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa amesema, na siku ilikuwa imefika. Saa kumi na moja na nusu alikaa mbele ya kioo kwa sababu aliahidi atatazama mpaka mwisho. Godauni lilikuwa limefungwa tangu mchana, na tangu mwanzo palikuwa na mchele tu. Mkono wake ulilala gotini.

Nje, Cheptanui alishika bati upande mmoja, Eucabeth upande wa pili. Lilikuwa refu kuliko wao, lina kutu, na kila upepo ulipolipiga lilitaka kwenda zake.

"Tunatafuta nini, mama?" Eucabeth aliuliza.

"Pahali pa kuweka mlango."

"Na nyumba yake je?"

"Haina nyumba. Rudi nyuma. Polepole. Lisimame wima."

Walianzia kwenye bomba. Wakapita mbele ya kila chumba, hatua, simama, geuza kidogo, tazama dirishani, hatua tena. Mkono haukuondoka gotini. Wapangaji walitoa viti wakakaa kuwatazama.

"Mnauza bati kwa kutembeza siku hizi?" mmoja aliuliza.

"Tunauza," Eucabeth alimjibu, "lakini wewe huna paa la kuweka, endelea kukaa."

Nusu saa ikapita. Vidole vya Cheptanui vilikatwa na kingo za bati, akavifunga kwa kitambaa cha kichwa akaendelea. Eucabeth alikuwa ameacha utani. Walimaliza kiwanja chote, wakaanza tena, safari hii wamelinyanyua juu ya mapipa mawili. Kwenye bomba hakuna. Kwenye vyoo hakuna. Wakafika langoni, pale ukuta wa ploti unapotokeza hadi njiani, kiasi cha kuipita kona ya godauni. Cheptanui akageuza bati kidogo kama anayefungua mlango.

Kidole kimoja cha mzee kikainuka gotini. Kisha mkono.

"Simama hapo," Cheptanui alisema. "Usipumue."

"Mikono inakufa."

"Iache ife kidogo."

Mkono wa mzee ulipanda mpaka juu, ukakaa. Cheptanui alimwachia Eucabeth na wapangaji wawili bati lile, akasimamisha mianzi miwili iliyobaki ndani ya mapipa, akaanza kufunga bati kwa ukanda wa ngozi uliokuwa ukilowa tangu asubuhi kwenye karai. Alifunga kama alivyomwona babake akifunga, kwa meno na goti. Alikuwa kwenye fundo la mwisho Bwana Shantilal alipoingia langoni kwenye mzunguko wake wa jioni.

Alisimama. Aliangalia bati, akaangalia ukuta wake. Bati lilikuwa karibu na ukuta sana, limeegemea, au kama limeegemea.

"Mama Cheptanui. Hii nagusa."

"Haigusi."

"Mimi naona nagusa."

Cheptanui hakubishana. Alipitisha kidole chake kilichofungwa kitambaa kati ya bati na ukuta, juu, akakiteremsha taratibu mpaka chini, akakitoa. Shantilal akasogea. Akachukua penseli yake kwenye sikio, akainama, akaitia penseli mwenyewe penye nafasi nyembamba kabisa, akaipitisha kutoka juu mpaka chini kama mtu anayepiga mstari. Mahali pamoja ilikwama. Watu wote wakaacha kunong'ona. Akaizungusha penseli, ikapita.

"Napita," alisema. Akairudisha kwenye sikio. "Lakini kesho ukisogeza kidole moja, mimi nakuja na penseli."

"Karibu," Cheptanui alimwambia.

Aliingia ndani. Mzee Micah alikuwa bado ameinua mkono, amesahau kuushusha. Kwenye kioo palikuwa na mtu amekaa mezani anasoma karatasi, na hakuna mchele hata chembe.

"Huyu anasoma tu," mzee alisema. "Tangu aanze hajainuka."

Cheptanui akamshika mkono akauteremsha, akachuchumaa mbele yake. "Lakini anamaliza."

"Wale wa magogo wako wapi?"

"Leo hawapo."

"Watarudi lini?"

Angeweza kusema kesho. Alifikiri kusema kesho. "Sijui, Baba. Siku yoyote."

Mzee alitazama kioo, akatazama fimbo yake mlangoni, na blanketi lililofungwa. Vidole vyake viwili vilikuwa vimewekwa pamoja gotini, vinapima kile kilichobaki kwenye gogo. Yule mtu wa karatasi akamaliza, akakunja karatasi zake, akaaga. Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Lete chai," alisema. "Na ufungue hilo blanketi, kuna baridi."

Zile thelathini zilizobaki alizichomwa zote. Asubuhi alikwenda hospitali kabla binti hajaamka, jioni alikuwa kitini kabla matangazo hayajafunguliwa. Majirani waliomba kuketi naye, naye akawaelezea kwa sauti ya mashine kila walichokuwa wakikiona wenyewe. Mvua kubwa ilipoangusha bati mara moja, alilifunga upya mwenyewe, na Shantilal akaja na penseli. Wale wa magogo hawakutokea. Sindano ya sitini ilipokwisha, mzee akapewa vidonge vya mwezi mmoja kwenye bahasha, akapanda lori la viazi kwa ruhusa, mashavu yamejaa kidogo, na Cheptanui akasimama akilitazama lori mpaka likapotea. Sindano zilikuwa zimekwisha. Mwaka wa vidonge ndio ulikuwa unaanza, na Olenguruone ni mbali, na mzee aliyepona ni vigumu kumwita.

Mwezi ulipokwisha, jioni ya kuamkia siku aliyotakiwa hospitali, Cheptanui alitoka kazini bila kumwambia mtu, akapita pale malori yanaposhusha. Lori la viazi lilikuwa limefika. Mzee Micah alikuwa anashuka mwenyewe, kibuyu cha maziwa kwapani, bahasha tupu ya vidonge mfukoni ikichungulia. Alimwona binti yake, wala hakumsalimu.

"Wale wa magogo wamemaliza?" aliuliza, na watu wote pale wakageuka.

Cheptanui alitikisa kichwa, bado.

"Basi twende haraka," mzee alisema, akimpa kibuyu. "Saa inakwenda."